Abiria Niliyemkabidhi kwa Bwana wa Tai

Siku mliyoniaga pale uwanja wa ndege nilipostaafu, Happy wa kaunta alinipa kipaza sauti akasema, "Mama Gama, waachie vijana neno." Nikasimama, nikaitazama keki, nikasema asanteni sana, nikakaa. Wengine mkadhani nimezidiwa na hisia. Sikuzidiwa na chochote. Neno nilikuwa nalo, ila lilikuwa refu kuliko uvumilivu wa watu waliokwisha kusikia harufu ya pilau, na sehemu yake moja ilikuwa ya aibu. Sasa niko nyumbani Bombambili, sina kaunta mbele yangu wala ndege ya kunikimbiza. Acha niliandike.

Ninyi mmeikuta kazi hii ina kompyuta, kamera na viti vya chuma vilivyopangwa mistari. Sisi tulikuwa na orodha ya majina iliyoandikwa kwa kalamu, benchi mbili, na mizani ya aina ile ile wanayopimia magunia ya mahindi. Wakulima wa Maposeni waliiamini mizani ile kuliko walivyotuamini sisi, kwa sababu waliizoea. Mtu akiambiwa mzigo umezidi, hakubishana na mimi. Aliinama akaitazama mizani usoni, akakubali, kisha akaanza kuvaa makoti yake mawili ili begi lipungue.

Kuna mambo nitawapa bure. Samaki wakavu wa Nyasa wafungwe mara tatu, na fungo la tatu ulifunge wewe mwenyewe, usimwachie mwenye samaki, maana yeye harufu hiyo haisikii tena. Wasindikizaji wapewe mahali pa kusimama mapema. Msafiri mmoja wa Tunduru anaweza kuja na Coaster nzima ya ndugu, na wote wanataka kuiona ngazi ya ndege. Na saa ya safari iandikeni kwa mkono, kwa Kiswahili, juu ya tiketi. Nilimpokea mwalimu mmoja, mtu wa kusoma, aliyefika saa saba na dakika ishirini mchana kwa ajili ya ndege ya saa moja na dakika ishirini asubuhi. Alinionyesha tiketi imeandikwa 07:20, nami nikamwonyesha anga. Tangu siku hiyo kalamu yangu haikutoka kwenye sikio.

Lakini kazi yenyewe hasa, iliyonipa jina mjini, ilikuwa kuwaunganishia watu safari. Kutoka hapa Songea ndege inakufikisha Dar. Anayekwenda Mwanza, Bukoba au Kigoma ashuke Dar, atafute kaunta nyingine, apande ndege nyingine, na muda wenyewe ni mfupi. Kwa aliyezoea ni jambo dogo. Kwa mama ambaye safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa kwenda Njombe, ni kupotea akiwa anatazamwa na watu.

Hapo nikabuni utaratibu wangu. Sikuutoa kwenye semina, niliutoa stendi ya mabasi. Mnajua wazazi wetu wanavyofanya pale: wanamwingiza mtoto wao ndani ya basi, wanatazama abiria mmoja mmoja, wakimwona mtu mwenye sura ya utulivu wanamwambia, "Mwenzetu, huyu tunamkabidhi kwako mpaka anakokwenda." Na yule mtu, ambaye dakika tano zilizopita hakuwa na habari na yeyote, anakuwa mzazi mpaka mwisho wa safari. Nami nikaanza kukabidhi watu. Mgeni wa ndege nilimkabidhi kwa mzoefu, nikawakalisha viti vya jirani. Na kila mgeni nilimpa karatasi yenye namba yangu ya simu na mistari sita kwa mwandiko wangu: ukishuka fanya hivi, ukifika mlangoni geuka huku, kaunta iko pale.

Karatasi ile ilikuwa maarufu. Watu waliitunza. Wengine walikuja kuniomba hata kama hawasafiri.

Ile sehemu ya aibu nimeizungushia ua wa kutosha, sasa niingie. Karatasi ile iliandikwa na mtu ambaye hajawahi kufika uwanja wa Dar. Sijawahi kupanda ndege. Nimeingia ndani ya ndege mara nyingi mno, nikiwasaidia wazee na wagonjwa kukaa, na mara zote nikashuka kabla mlango haujafungwa. Likizo zangu ziliishia Mbinga kwenye kahawa ya wazazi, kwa basi. Nikiulizwa, nilisema nauli. Ukweli ni kwamba niliogopa. Nilisimama pale kaunta miaka yote nikiwaambia watu, "Usiogope, ni kama basi tu." Maelezo ya Dar niliyachuma kwa abiria waliorudi, huyu mstari mmoja, yule mwingine, nikayashona. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nimefika, nami sikujitangaza.

Siku ninayotaka kuwasimulia, alikuja Bibi Skolastika wa Maposeni. Mama mfupi, kitenge kipya ambacho bado kina mikunjo ya dukani, rozari shingoni, na ndoo ya plastiki iliyofungwa mfuniko kwa mpira wa baiskeli. Nikamsalimia shikamoo, nikamuuliza kilichomo.

"Unga wa ulezi, mwanangu. Wa uji wa mzazi."

Binti yake, Veronika, alikuwa amelazwa Mwanza. Mimba ya kwanza, mtoto amekaa vibaya, na kesho yake asubuhi saa mbili alikuwa anafanyiwa upasuaji. Mume wake alikuwa anafanya kazi machimboni, mbali. Veronika alikuwa amepiga simu usiku analia, anasema bila mama haingii chumba cha upasuaji. Watoto wa bibi wakachanga nauli, wakamleta kwangu.

"Nikichelewa hatakubali," aliniambia. "Namjua. Ni mkaidi kama marehemu baba yake. Na wakimlazimisha, ataingia na hofu."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nikatazama abiria wa siku ile. Wawili wanunuzi wa korosho walikuwa wanaishia Dar. Mmoja tu alikuwa anaunganisha Mwanza: kijana mmoja, suti ya bluu, tai nyekundu, begi la ngozi mkononi. Jina lake Masanja, afisa kilimo aliyehamishiwa Songea miezi michache iliyopita, na siku ile alikuwa anakwenda kwao kwa likizo fupi. Nikaitazama tai, nikaridhika. Nikamshika bibi mkono, nikampeleka mpaka mbele yake.

"Kaka, samahani. Dar unaifahamu, si ndiyo?"

Akanitazama, akamtazama bibi. Bibi naye alikuwa anamtazama kwa macho ya mtu aliyeletewa mwokozi.

"Ndiyo, mama," akasema Masanja.

"Basi huyu ni mama yako mpaka Mwanza. Nakukabidhi."

"Hakuna shida."

Nikampa bibi karatasi yangu, nikaisukuma ndoo kwenye mizani, nikafurahi. Ndege iliondoka kwa wakati. Nilikunywa chai siku ile kwa raha kabisa.

Saa tisa alasiri simu ikaita, namba nisiyoijua. Ilikuwa sauti ya Bibi Skolastika, tulivu, na utulivu wake ndio ulionitisha.

"Mwanangu, ndege imetuacha."

Simu ilikuwa ya mfagizi wa pale Dar, mwanamke anayeitwa Zuhura, aliyewakuta wamekaa na ndoo yao mahali ambapo hapasubiri mtu yeyote. Zuhura ndiye aliyenieleza. Walishuka vizuri. Masanja alitangulia kwa mwendo wa mtu anayejua. Bibi akamfuata. Kumbe Masanja alikuwa anachungulia karatasi mkononi mwa bibi, naye anaifuata karatasi. Karatasi ikasema mlango wa kulia. Wakatoka mlango wa kulia, wakajikuta nje kwa madereva wa teksi. Kurudi ndani kukawa kazi, waelezwe, wazunguke, wakaguliwe upya. Bibi akanyamaza akijua mwenyeji wake anajua. Masanja akanyamaza akidhani bibi, kwa kuwa ana karatasi ya uwanjani, huenda ana maelekezo zaidi. Walifuatana kwa heshima kubwa mpaka ndege ikaondoka.

Masanja hakuwa amewahi kupanda ndege. Songea alikuja kwa basi, siku mbili.

Ndege nyingine ya Mwanza ilikuwa jioni, imejaa. Inayofuata, kesho mchana, na mchana Veronika angekuwa ama amekwisha kufanyiwa upasuaji peke yake, ama amekataa. Nilipiga simu kila kaunta niliyokuwa na namba yake. Kila mmoja alinipa pole. Nikaketi kwenye benchi la abiria, mahali ambapo sikuwa na kawaida ya kukaa, nikawa namlaani yule bwana wa tai kwa sauti.

Mzee Saidi alinikuta hapo. Alikuwa mpakia mizigo wetu, mtu wa Tunduru, aliyeanza kazi kabla yangu na ndiye aliyenifundisha karibu kila kitu, kuanzia kufunga samaki. Alikuwa ametoka kuswali alasiri, miguu bado ina maji. Akanisikiliza mpaka nikamaliza.

"Ulimuuliza nini yule kijana?"

"Nilimuuliza kama anaifahamu Dar."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya bibi."

"Na bibi anamtazama?"

"Anamtazama."

Mzee Saidi akakaa. "Basi hukumuuliza, mama. Ulimjibia. Kijana mwenye malezi, mama mzima amesimama mbele yake na ndoo, watu wanasikia, wewe unamwambia 'si ndiyo'. Aseme hapana aonekane nani? Mimi mwenyewe ningesema ndiyo, na Dar siijui hata kwa picha."

Akanieleza namna anavyofanya yeye na mizigo. Hamuulizi mtu, "Begi lako lina kitu cha kuvunjika?" Wote husema hapana. Humuuliza, "Nikilidondosha begi hili, utaanza kukagua nini?" Hapo mtu huitaja chupa ya asali mwenyewe. "Ungemvuta pembeni," akasema, "ukamuuliza mara ya mwisho alipofika Dar alipandia wapi ndege ya pili. Asiyefika angekwama palepale, na asingeaibika maana mko wawili tu."

Vijana, kama mtachukua kitu kimoja katika haya yote, chukueni hicho.

Saa kumi na moja na nusu simu ikaita tena. Masanja.

"Mama, bibi amepanda."

Zuhura alikuwa ameacha ndoo yake ya maji akawashika mikono wote wawili mpaka kaunta, akasimama nao. Abiria mmoja wa jioni hakutokea. Kiti kikawa kimoja, na dada wa kaunta akakiandika kwa Masanja kwa kuwa ndiye aliyekuwa mbele kwenye foleni. Masanja akamwambia afute, aandike Skolastika. Akampandisha bibi na ndoo yake, akarudi kwenye kiti kusubiri kesho. Alikuwa na likizo ya siku nne tu, na moja akaiacha pale.

"Nisamehe, mama," akaniambia. "Nilisema ndiyo."

Nikamwambia hakuna shida, kwa sauti ya mtu anayesamehe. Nawaombeni mkumbuke sauti hiyo.

Veronika alimwona mama yake jioni ileile. Asubuhi akaingia chumba cha upasuaji akiwa ametulia, akapata binti, kilo tatu na kidogo. Nilipopata habari nilimkumbatia Mzee Saidi bila kufikiri, naye akajitoa taratibu akisema alhamdulillahi.

Hadithi ikaenea. Nani aliieneza, sitasema, ila alikuwa anakaa kaunta. Masanja aliporudi kazini akakuta mji mzima unamwita Mwenyeji. Akipita sokoni, "Mwenyeji, njia ya Dar hii?" Bodaboda wa Bombambili walimsimamishia pikipiki, "Mwenyeji, tuongoze." Alicheka nao, maana alikuwa mtu wa watu, lakini tai hakuivaa tena. Nami nilicheka. Nilicheka karibu miezi miwili.

Kisha Bibi Skolastika akarudi kutoka Mwanza. Aliposhuka hakwenda kwa wanawe waliokuwa wanampungia. Alikuja kaunta, akafungua kitambaa kiunoni, akatoa karatasi yangu imekunjwa mara nne.

"Mwanangu, asante. Wakati wa kurudi nilitembea na huyo Zuhura, akanionyesha. Mlango si wa kulia. Siku hizi ni wa kushoto, halafu unapanda. Mstari wa tatu huu, usahihishe, atakuja mwingine."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekuonyesha kifungo cha shati kimefunguka. Lakini mimi uso uliniwaka. Kumbe hata kama Masanja angekuwa mzoefu wa kupindukia, aliyefuata karatasi ile angetokea kwa madereva wa teksi. Kosa lilikuwa langu na mwandiko ulikuwa wangu, nami nilikuwa nimemwacha mtu mwingine alibebe mjini kote kwa sababu kila aliyelisikia alimcheka yeye.

Kesho yake nilimfuata Masanja ofisini kwake. Nikamwambia habari ya mstari wa tatu. Nikamwambia na lile kubwa, kwamba mimi mwenyewe sijawahi kufika Dar kwa ndege wala kwa kitu kingine. Alikuwa mtu wa kwanza kumwambia. Akacheka mpaka akaegemea kabati la mafaili.

"Kwa hiyo tulikuwa watatu," akasema.

Tangu hapo karatasi ikabadilika. Zuhura akawa ananipigia kila wanapohamisha kitu, nami naandika upya. Wasafiri wanaorudi nikawa nawauliza mstari upi umewasumbua. Na kwa watu wa sokoni, yeyote aliyetaja Mwenyeji mbele yangu nilimweleza mwenye kosa ni nani, ingawa wengi hawakuniamini, walidhani namtetea. Masanja naye akawa mkabidhiwa wangu bora. Kila likizo alikuja kaunta mapema akauliza, "Mama Gama, leo nani wangu?" Na tai akairudisha shingoni.

Nilibaki na deni moja la hofu. Mwaka huu, baada ya kustaafu, binti yangu wa mwisho anayeishi Arusha alinitumia tiketi bila kuniuliza. Songea, Dar, Arusha. Sikulala vizuri wiki nzima. Siku ya safari nilivaa kitenge kipya na mikunjo yake yote ya dukani, nikaja pale kwenu.

Happy alikuwa kaunta. Akatoka mbio kunipokea, akanishika mkono, na kabla sijaweka begi chini akanipeleka kwa mwanamke kijana aliyesimama pembeni na mtoto mchanga kifuani ndani ya kanga. Mwanaisha, wa Tunduru, anamfuata mume wake Arusha, hajawahi kupanda ndege.

"Dada, una bahati," Happy akamwambia. "Huyu ndiye mwenyeji wa uwanja huu. Mama Gama, Dar unaijua, si ndiyo? Nakukabidhi."

"Shikamoo, mama," akasema Mwanaisha. "Nitakufuata wewe."

Alikuwa ananitazama kama Bibi Skolastika alivyomtazama Masanja. Wapakia mizigo walikuwa wanatazama. Wewe Happy ulikuwa unatabasamu. Na neno "ndiyo" lilikuja lenyewe mpaka kwenye meno. Siku ile ndipo nilipomwelewa Masanja, sawasawa.

"Marahaba, mwanangu," nikasema. "Ila Dar siijui. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza. Na naogopa."

Happy alicheka, akadhani nafanya mzaha. Kisha akaona sichezi. Mwanaisha akashusha pumzi ndefu.

"Afadhali, mama. Nilidhani ni mimi peke yangu."

Tulikaa viti vya jirani. Mlango ulipofungwa, nilitazama dirishani nikaona ngazi inaondolewa bila mimi kushuka, nikamshika Mwanaisha mkono, na nadhani nilimuumiza kidogo. Hakuutoa.

Dar tulishuka na karatasi yangu mkononi. Nilimsomea mstari kwa mstari. Wa kwanza sawa, wa pili sawa, wa tatu mlango wa kushoto, tukapanda. Wa nne tukausoma, tukainua macho, tukakuta ukuta mpya mweupe. Kaunta haipo. Zuhura naye alikwisha kuacha kazi pale, na hakuna aliyenipigia. Nikatafuta wa kumuuliza. Alikuwepo mfagizi, mwanaume safari hii. Sikumuuliza kama anajua kaunta za Arusha ziko wapi. Nilimwambia, "Msafiri wa mwisho wa Arusha aliyekuuliza njia, ulimpeleka wapi?" Akaegemeza fagio, akatupeleka.

Tulipofika tulikuwa na muda wa kutosha. Mwanaisha akanigeuzia mgongo wake ili nipate mahali pa kuandikia, nikatoa kalamu sikioni, nikakata mstari wa nne, nikauandika upya. Kisha nikaipiga picha karatasi nikamtumia Happy. Ninyi mnayo. Mstari wa nne ni wangu, niliupita kwa miguu yangu mwenyewe. Mkiambiwa umebadilika, usahihisheni.